Mwanya, Pengo na Kibogoyo: Kupotea kwa Meno katika Historia ya Msamiati wa Kiswahili

Msamiati wa Kiswahili unaohusu kinywa ni mpana kuliko unavyodhaniwa, na sehemu yake yenye mvuto zaidi haihusu meno yaliyopo bali meno yasiyokuwapo. Kwa meno yenyewe lugha hii inatosheka na maneno machache: jino kwa ujumla, chonge kwa jino lenye ncha lililo pembeni, gego kwa jino la kutafunia. Lakini uwazi ulio kati ya jino na jino una majina yake, na majina hayo hayabadilishani nafasi. Mtu mzima aliyeng'oka meno yote ana jina lake. Na mtoto aliyeanza kuota meno kwa utaratibu usiotarajiwa alikuwa na jina ambalo, katika baadhi ya jamii, liliweza kumtoa uhai. Maneno hayo yamekuwa yakiingizwa katika kamusi moja baada ya nyingine kwa zaidi ya karne moja, kila moja mahali pake pa kialfabeti, bila ya kutazamwa kwa pamoja. Yakitazamwa pamoja yanatoa ushahidi juu ya historia ya watumiaji wa lugha, na pia yanazua swali la kitaalamu kuhusu nani anayefaa kusikilizwa wakati lugha inaporekodiwa.

Jino na gego

Neno jino ni la asili ya Kibantu bila shaka yoyote. Mzizi wake hujengwa upya katika Mame-Bantu kama *-jino, katika ngeli ya 5 na ya 6, na ndugu zake wametapakaa kila upande: Kinyarwanda kina iryinyo, wingi amenyo, Kiganda kina erinnyo na amannyo, Kizulu kina izinyo na amazinyo. Umbo la wingi la Kiswahili, meno, ni mfano unaofundishwa katika kila darasa la fonolojia, ambapo irabu ya kiambishi ma- imeungana na irabu i ya mzizi na kuzaa e. Hapo hakuna fumbo.

Gego ni neno lenye habari zaidi. Katika Kiswahili linataja jino la nyuma tu, lile la kusaga chakula. Katika Kikuyu, kwa upande mwingine, igego, wingi magego, ndilo neno la kawaida la jino lolote. Lugha mbili zilizorithi mzizi mmoja zimegawana maana yake, moja ikilibakiza neno nyuma ya kinywa, nyingine ikiliruhusu kuenea hadi mbele. Mabadiliko ya namna hii ni ya kawaida katika semantiki ya kihistoria na yasingestahili kutajwa hapa lau yasingekuwa na tawi la tatu, nalo ni kigego.

Kigego ni mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini, au, kwa baadhi ya wasemaji, aliyezaliwa akiwa na jino tayari. Kamusi sanifu ya mwaka 1939, iliyotayarishwa chini ya uongozi wa Frederick Johnson, inalo neno hili pamoja na maelezo kuwa mtoto wa aina hiyo alihesabiwa kuwa ni mkosi. Lakini maelezo ya kamusi ni mafupi mno kwa uzito wa jambo lenyewe. Wamisionari wa UMCA waliofanya kazi katika nchi ya Wabondei katika karne ya 19 waliandika kwamba watoto hao waliuawa, na habari za jamaa hiyo zimeandikwa kuhusu watu wengine wa mashariki ya Tanzania, wakiwamo Wakaguru, ambao hutumia neno lilelile kwa matamshi yao. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba kigego akiachwa aishi jamaa zake wangekufa. Ni vigumu kupata mfano mwingine katika Kiswahili wa neno lililomtaja mtu kwa hali ya kinywa chake na papo hapo likatoa hukumu. Leo neno hili limebaki likiwa na maana hafifu ya mtu mwenye nuksi, na wasemaji wengi vijana hawalijui kabisa. Kupotea kwake katika matumizi si hasara ya kulilia.

Mwanya si pengo

Uwazi ulio kati ya meno mawili ya mbele, ambao mtu amezaliwa nao au umetokea kwa asili meno yalipoota, huitwa mwanya. Uwazi unaotokana na jino kung'oka, kuvunjika au kung'olewa huitwa pengo. Mgeni wa lugha hii aghalabu huyachanganya maneno haya mawili, kwa kuwa macho yake yanaona kitu kimoja, yaani nafasi tupu katika safu ya meno. Msemaji mzawa hayachanganyi. Mwanya ni pambo. Mwanamke mwenye mwanya husifiwa, na sifa hiyo imeenea kutoka pwani hadi bara. Pengo halisifiwi.

Tofauti hii haikubaki kinywani. Maneno yote mawili yamesafiri hadi katika lugha ya siasa, ya sheria na ya magazeti, na kila moja limebeba mzigo wake wa asili. Anayepata mwanya amepata nafasi ya kupenya. Sheria yenye mianya ni sheria inayopitika na wajanja. Mchezaji wa mpira hutafuta mwanya katika safu ya ulinzi. Kwa upande wa pili kuna pengo kati ya matajiri na maskini, pengo katika bajeti, pengo lililoachwa na marehemu. Hakuna anayesema kwamba marehemu ameacha mwanya, na anayesema hivyo atakuwa amewatukana wafiwa. Katika maana zote za kitamathali mwanya ni uwazi uliopo kwa faida ya mtu fulani, ilhali pengo ni mahali palipokuwa na kitu nacho kimeondoka. Inafaa kusisitiza kwamba tofauti hiyo haikubuniwa na waandishi wa habari. Imo tayari katika meno.

Usemi wa tanzia, kwamba fulani ameacha pengo lisilozibika, umechakaa kwa kutumiwa mno, hata wengi wanaoutumia hawasikii tena ndani yake picha ya kinywa. Lakini picha hiyo ipo na ni kali. Jino la mtu mzima likitoka halioti tena. Mtoto wa miaka 7 ana pengo pia, lakini pengo lake ni la muda na ni la kuchekesha. Kila mtu anajua kwamba chini ya ufizi kuna jino linalokuja. Usemi wa tanzia unahusu pengo la mtu mzima.

Jino la pembe

Methali isemayo kwamba jino la pembe si dawa ya pengo imo katika mikusanyo mingi ya methali za Kiswahili, na wafasiri wake karibu wote huifafanua kwa njia moja: kibadala hakiwi sawa na kile kilichopotea. Husemwa kuhusu mke wa pili baada ya kufa wa kwanza, kuhusu mtoto wa kulea, kuhusu rafiki mpya. Ufafanuzi huo ni sahihi. Lakini wafasiri hao hupita haraka mno juu ya maneno yenyewe. Methali haisemi jino la mti, wala jino la udongo. Inasema jino la pembe, na pembe katika Kiswahili cha karne ya 19 ni pembe ya ndovu, bidhaa iliyoitajirisha Zanzibar.

Je, watu wa pwani walipata kuona jino la bandia lililochongwa kwa pembe? Jambo lenyewe lilikuwa la zamani katika ulimwengu wa Kiislamu. Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki katika miaka ya mwanzo ya karne ya 11, alieleza katika kitabu chake kikubwa cha utabibu namna ya kufunga meno yaliyolegea kwa uzi wa dhahabu, na namna ya kuchonga jino kutoka katika mfupa wa ng'ombe na kulitia mahali pa lile lililong'oka. Barani Ulaya, katika karne ya 18, mafundi wa meno walitumia pembe ya ndovu na zaidi ya hapo jino la kiboko, kwa kuwa ni gumu zaidi na halibadiliki rangi upesi. George Washington, alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789, alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kwake, na seti aliyotengenezewa na John Greenwood ilichongwa kwa jino la kiboko. Hadithi ya kwamba meno yake yalikuwa ya mti haina msingi. Lililo la kweli ni zito zaidi: daftari lake la hesabu la mwaka 1784 lina malipo yaliyofanywa kwa watumwa weusi kwa ajili ya meno 9.

Kiboko huishi Afrika peke yake, na meno yake yalikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kutoka bandari za pwani ya mashariki pamoja na pembe za ndovu. Biashara ya pembe yenyewe ilikuwa imeshaota mizizi katika karne ya 10, wakati al-Mas'udi alipoandika kwamba pembe kutoka nchi ya Zanj zilipelekwa Oman na kutoka hapo India na China. Katika karne ya 19 wanunuzi wakubwa wa Zanzibar walikuwa Wahindi, Waingereza na Wamarekani, na pembe ziligeuzwa vitana, vipini vya visu, vibao vya kinanda na mipira ya biliadi. Meno ya bandia yalikuwa sehemu ndogo ya biashara hiyo. Yalikuwa, zaidi ya hayo, meno mabaya. Pembe na jino la kiboko ni vitu vya mwili; huoza kinywani kama jino la asili linavyooza, na hutoa harufu. Ndiyo sababu kaure ilianza kushika nafasi yake mwishoni mwa karne ya 18, ikafuatiwa na mpira mgumu uliotiwa salfa katikati ya karne ya 19, na hatimaye akriliki katika karne ya 20.

Methali basi ina ukweli wa kiufundi ambao wafasiri hawakuushughulikia: jino la pembe kweli halikuwa dawa ya pengo. Hili halithibitishi kwamba palikuwa na mafundi wa meno ya bandia Lamu au Mombasa. Methali ina haki ya kubuni kitu kisichokuwapo ili kutoa fundisho. Lakini anayedhani kwamba mji wa bandari, uliouza malighafi kwa watu waliochonga meno na uliosoma vitabu vya watu walioeleza namna ya kuyafunga, haukupata hata kusikia habari za jino la pembe, naye anadhani mengi mno.

Kuna jambo moja zaidi la kimsamiati. Waswahili wa zamani waliita kitu kile pembe, kama kwamba kimeota kichwani mwa ndovu. Magazeti ya leo, hasa katika habari za ujangili, huandika meno ya tembo. Kwa mtazamo wa elimu ya viumbe magazeti yamesahihisha kosa, kwa maana pembe ya ndovu ni jino kweli. Kwa mtazamo wa historia ya lugha yamefuta alama ya utambuzi wa kale. Maumbo yote mawili yanaendelea kuishi, na hakuna haja ya kulitangaza moja kuwa batili.

Mswaki, uraibu na plastiki

Sababu za watu wazima kupoteza meno zinajulikana: kuoza kwa meno, ambako sukari ni mshiriki mkuu, na maradhi ya ufizi yanayolegeza jino mpaka litoke lenyewe likiwa zima. Lugha imehifadhi kumbukumbu za mapambano dhidi ya maradhi hayo. Mswaki, kutoka Kiarabu siwak au miswak, ni kijiti cha kusugulia meno na pia ni mti wenyewe unaotoa kijiti hicho. Burashi ya plastiki ilipofika haikuleta jina jipya lililodumu. Ilirithi jina la kijiti, na leo mtoto wa mjini hupiga mswaki bila ya kujua kwamba anataja mti. Dawa ya meno nayo imehama: si tena dawa ya kutuliza jino linalouma bali ni kile kinachokamuliwa katika tyubu.

Uraibu una historia ya kushangaza zaidi. Katika kamusi ya 1939 ni mchanganyiko wa kutafuna: tambuu, popoo, chokaa, pengine na tumbaku, vitu vilivyotunzwa katika kijaluba na kukaribishwa wageni. Tambuu ilitia meno rangi, na kutafuna kwa miaka mingi kuliyachakaza; ilikuwa hata hivyo alama ya ukarimu. Leo uraibu ni hali ya kushindwa kuacha, hasa dawa za kulevya, na neno limo katika mabango ya wizara za afya. Kijaluba kimetoweka sebuleni, tambuu imebaki kwa wachache, na jina la kitafuno cha wageni limekuwa jina la ugonjwa.

Usemi mwingine unajitaja umri wake wenyewe. Katika miaka ya 1980 ilienea nchini Tanzania imani kwamba homa na kuharisha kwa watoto wachanga kunaletwa na meno ya plastiki, au meno ya nailoni, yaliyofichika katika ufizi, na kwamba dawa yake ni kuyachimbua. Kilichochimbuliwa kilikuwa kichipukizi cha chonge, kilaini na cheupe, na ndiyo asili ya jina. Jirani zao wa Uganda walikuwa na jambo hilohilo kwa jina la ebinyo, ambalo halitaji plastiki. Neno plastiki haliwezi kuwa la kale, na kwa hiyo usemi wa Tanzania, angalau kwa umbo hili, ni wa karne ya 20. Watoto walionusurika na vidonda hivyo walikua na baadhi yao hawakuota chonge za utu uzima. Ni pengo la mtu mzima lililofanywa kabla mtu hajajua kusema.

Ki- ya kibogoyo

Mtu asiye na meno ni kibogoyo, wingi vibogoyo. Kwa umbo neno liko katika ngeli ya 7 na ya 8, pamoja na kiti na kisu. Kwa upatanisho liko pamoja na watu: kibogoyo yule amecheka, vibogoyo wale wamecheka. Katika hili linaambatana na kundi zima la maneno yanayotaja upungufu wa mwili: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibyongo. Wanasarufi wengi wamesema kwamba ki- katika maneno hayo ni ya kudunisha, kwamba inamshusha mtu hadi daraja ya kitu. Dai hilo lina ukweli lakini linasemwa kwa wepesi mno. Kiongozi ana ki- hiyohiyo, na kijana, na kinyozi; hakuna anayedhani kwamba kiongozi amedunishwa na kiambishi chake. Kinachodunisha ni desturi ya matumizi, si herufi mbili.

Hata hivyo desturi hiyo imekuwa na nguvu ya kutosha kubadili lugha rasmi. Kenya ilitunga sheria kuhusu watu wenye ulemavu mwaka 2003 na Tanzania mwaka 2010, na katika kipindi hicho hicho vyama na serikali vilikuwa vikihamisha msamiati: kipofu akawa asiyeona, kiziwi akawa mwenye ulemavu wa kusikia, zeruzeru akawa mtu mwenye ulemavu wa ngozi. Kibogoyo hakuguswa. Hakuna aliyependekeza aitwe mtu mwenye upungufu wa meno. Sababu haiko katika sarufi bali katika mtazamo wa jamii, kwamba kukosa meno ni sehemu ya uzee, kama mvi, na kwamba bibi kibogoyo anachekwa kwa mapenzi na wajukuu zake. Mtazamo huo unastahili kutiliwa shaka. Daktari wa meno haoni uzee. Anaona maradhi yaliyokosa tiba kwa miaka 30. Ukarimu wa neno kibogoyo, ule utani wake mwepesi, huenda umesaidia kuyafanya maradhi hayo yaonekane kuwa ya kawaida.

Meno na sauti

Kwa mwanaisimu kupotea kwa meno kuna upande mwingine, ule wa fonetiki. Kiswahili kina vikwamizi viwili vya mdomo na meno, f na v, na viwili vya meno, th na dh, ambavyo viliingia pamoja na maneno ya Kiarabu. Hata s na z, ijapokuwa ni za ufizi, zinahitaji ukali wa meno ya mbele ili hewa ipigwe na kutoa mluzi wake. Kinywa cha kibogoyo hakina vyombo hivyo. F yake hutolewa kwa midomo miwili, na s yake husikika ikikaribia th.

Wapo waliokwenda mbali zaidi, wakadai kwamba jamii nzima inaweza kubadili sauti zake kwa sababu ya meno. Waherero wa Namibia, ambao kwa desturi yao ya zamani walitoa meno ya chini ya mbele na kuchonga ya juu, wana vikwamizi vya meno pale ambapo tahajia yao inaandika s na z, na waandishi wa mwanzo waliona haraka uhusiano wa mambo haya mawili. Katika Afrika ya Mashariki hoja kama hiyo ingeweza kutolewa kuhusu Wajaluo, waliong'oa meno 6 ya chini kama alama ya kuingia utu uzima, na ambao lugha yao ina sauti za meno zinazotofautiana na zile za ufizi. Wamaasai walitoa meno mawili ya chini, na sababu inayotajwa mara nyingi ni kumwezesha mgonjwa wa pepopunda kunyweshwa wakati taya zimefunga.

Hoja hii inavutia na haisimami. Meno hayo yalitolewa baada ya yale ya utu uzima kuota, yaani wakati mtoto ameshaijua lugha yake kwa miaka mingi. Mtoto wa miaka 3, ambaye ndiye mjenzi wa kweli wa fonolojia, alikuwa na meno yake yote ya utotoni. Aidha, sauti za meno hutokea kwa njia nyingine zilizo wazi kabisa. Katika lahaja za kaskazini za Kiswahili, Kimvita na Kiamu miongoni mwao, jicho ni jito na macho ni mato, kwa t inayotamkwa ulimi ukigusa meno. Badiliko hilo linafuata kanuni inayogusa maneno mengi yaliyorithiwa, na halihitaji kung'olewa jino la mtu yeyote ili lielezwe.

Dhana iliyo na uzito zaidi ni ile ya Charles Hockett, aliyependekeza mwaka 1985 kwamba sauti kama f na v zilienea baada ya wanadamu kuanza kula vyakula laini vya kilimo. Chakula kigumu humomonyoa meno mpaka ya juu na ya chini yakutane ncha kwa ncha, na katika kinywa cha namna hiyo f ni ngumu kutamka. Mwaka 2019 Damián Blasi na wenzake waliifufua dhana hiyo katika jarida la Science kwa takwimu za lugha nyingi na kwa vielelezo vya mwendo wa taya. Kwa Kiswahili jambo hili si geni. F na v za maneno yetu ya Kibantu hazikuwapo katika Mame-Bantu. Zilizaliwa kutokana na vipasuo vilivyokuwa mbele ya irabu za juu kabisa, ndiyo maana fisi hurejeshwa kwenye *-piti na mvua kwenye *-buda. Irabu zinaeleza ni wapi badiliko lilitokea. Hazielezi kwa nini matokeo yake yalikuwa sauti ya mdomo na meno na si ya midomo miwili, na hapo ndipo Hockett anapostahili kusikilizwa, ingawa kwa tahadhari: wakulima wa Kibantu hawakula chakula cha aina moja, na mabadiliko hayo hayakutokea katika lugha zote.

Mwishowe lipo suala la utafiti wa lahaja. Mahali pengi penye lahaja inayofifia, wanaoijua vyema ni wazee, na wazee wengi wa mashambani wana mapengo au ni vibogoyo. Harold Orton, aliyeongoza uchunguzi wa lahaja za Kiingereza kutoka Chuo Kikuu cha Leeds katika miaka ya 1950, alitaka watoa taarifa wake wawe wazee wa vijijini, lakini wawe na vinywa vizuri, meno mazuri na masikio yanayosikia. Ni sharti la busara kwa mtu atafutaye fonetiki. Kwa Afrika ya Mashariki ni sharti la hatari. Mtafiti anayechagua wenye meno, katika kijiji ambacho hakijapata kuwa na tabibu wa meno, anachagua vijana, na vijana ndio walioathiriwa zaidi na shule, redio na Kiswahili sanifu. Akichagua wazee anapata msamiati usiopatikana kwingine, lakini th anayoiandika inaweza kuwa ni s iliyopita kwenye ufizi mtupu. Na kwa kuwa wasemaji wengi wa bara husema samani badala ya thamani na zambi badala ya dhambi, mpaka ulio kati ya s na th ndio hasa unaochunguzwa katika kupima kiasi ambacho lahaja imepokea sauti za Kiarabu. Kosa la hapo si dogo.

Dawa yake haina gharama. Neno lenye shaka lisikilizwe kutoka kwa mzee na kutoka kwa mtoto wake mwenye meno. Kanda za zamani zisikilizwe upya kwa swali hili. Na fomu ya mtoa taarifa, ambayo aghalabu huuliza jina, umri, jinsia, mahali pa kuzaliwa na lugha nyingine anazozijua, iongezewe mstari mmoja wa kueleza ni meno gani ya mbele yaliyobaki.